Meru mbili, Nanyuki mbili, Rongai kibao: nani kamuigiza nani?

#1 Dalali wa Nyanya
Wakuu heri. Mimi nanunua nyanya Ngarenanyuki, huku Arumeru, mashamba ya Olkung'wado ukielekea Momella. Juzi mteja wangu Mkenya anayepokea mzigo Namanga kanipigia, kaniuliza niko wapi. Nikamwambia niko Nanyuki, nafunga matenga. Akanyamaza kidogo, kisha akaja juu: asubuhi ulikuwa Usa River, Nanyuki umefikaje, nyanya zangu umemuuzia nani? Yeye anayoijua ni ya kwao, iliyo chini ya Mlima Kenya. Ilibidi nimpigie picha ya Mlima Meru ndipo akatulia.

Sasa tazameni wenyewe. Kenya wana Meru na jirani yake Nanyuki, chini ya mlima mkubwa. Sisi tuna Meru na jirani yake Ngarenanyuki, chini ya mlima mkubwa. Wao wana Nairobi, sisi tuna Ngarenairobi kule Siha. Wana Rongai, na sisi Rongai ipo Rombo. Hii ni bahati tu, au kuna watu walihama na majina yao?

#2 Msumbufu
Wakenya wameiga, kama kawaida yao. Uzi ufungwe.

#3 Mtimau
Wewe #2 tulia. Nairobi yetu imepata reli tangu 1899. Hiyo Ngarenairobi yenu ina nini? Viazi?

#4 Bint Siha
Ina viazi, ina karoti, na malori ya kwenu yanapanga foleni kuvichukua. Karibu sana, ila uje na koti, upepo wa huku hauna adabu.

#5 Mzee wa Longido
Vijana mnagombania mali ya mtu mwingine naye yupo hapa anawatazama. Hayo majina si ya Wameru wala Wachaga wala Wakikuyu. Ni ya Kimaasai. Enkare ni maji. Pale maji yalipokuwa na wekundu tukapaita hivyo, pale yalipokuwa baridi tukapaita hivyo. Mfugaji hana haja ya jina la kupendeza, anataka jina litakalomwambia mwenzake ng'ombe atakunywa nini. Kwa hiyo hakuna aliyemuigiza mtu. Mito ya baridi ipo mingi, na Nairobi zitakuwa nyingi.

Huko Laikipia walikuwa Wamaasai mpaka Mwingereza alipowahamisha kwa mkataba wa 1911. Watu wakaswagwa kusini na mifugo yao, majina yakabaki.

#6 Mtoto wa Olkung'wado
Shikamoo mzee. Nimezaliwa Ngarenanyuki na nimeteka maji ya mto ule miaka yote ya shule ya msingi. Sijawahi kuyaona mekundu, labda mvua ikikoroga udongo wa juu. Kinachogeuka rangi kwetu ni meno. Maji yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, ukiyanywa tangu utotoni meno yanatoka na mistari ya kahawia, na hata uyapige mswaki vipi hayatakati. Nikicheka Dar, mtu ananiuliza moja kwa moja: wewe wa Arusha?

Halafu Mtimau usitudharau. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa karibu watu 3,000 Ngarenanyuki kwa nguvu ili walowezi wapate ardhi. Nyumba zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa kwa niaba ya Wameru. Jina la kijiji chetu lilitajwa New York kabla Tanganyika haijapata bendera. Nanyuki yenu ilitajwa wapi?

#7 Mtimau
Nanyuki inapitiwa na ikweta bwana. Kuna vijana wanamwaga maji kwenye beseni lenye tundu, wanakuonyesha yanavyozunguka upande huu na upande ule, wazungu wanalipa. Ila hiyo ya 1951 sikuijua, heshima kwenu.

#8 Mzee wa Longido
Marahaba mwanangu #6. Wekundu wa maji si lazima uwe wa damu. Sisi ng'ombe tunamwita mwekundu na wewe ukimwona utasema ni wa kahawia. Nenda mtoni mwezi wa nne kisha uje uniambie.

#9 Mwalimu wa Jiografia
Maelezo ya mzee yanatosha kwa Nanyuki, Nairobi na Rongai. Hayatoshi kwa Meru, na Meru ndiyo ngumu.

Wameru wa Tanzania (kina Pallangyo, Kaaya, Nnko, Mbise) wanazungumza Kirwo, lugha iliyo karibu sana na Kimachame. Wameru wa Kenya wanazungumza Kimeru, na lugha yao iko upande wa Kikuyu na Kiembu. Wote Wabantu, lakini hawaelewani. Simulizi nazo ni mbali. Wa Kenya husema walitoka Mbwaa, mahali pa baharini, wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu waliowatumikisha. Wa Tanzania wazee wao husema baadhi ya koo zilitoka Usambara. Kwa hiyo ile hadithi ya vijiweni kwamba walikuwa ndugu wawili wakagombana njiani, mmoja akabaki Arusha, mimi siikubali.

#10 Mtimau
Kwa lugha nakuunga mkono. Nilifanya kazi Arusha kidogo. Siku ya kwanza soko la Tengeru nikaambiwa yule mama wa ndizi ni Mmeru, nikaona leo nimepata shangazi ugenini. Nikamwamkia kwa Kimeru chetu, "Muga!" kwa sauti na furaha yote. Akanitazama, akanijibu kwa Kiswahili kwamba hanunui kitu.

#11 Msumbufu
Alijua umeleta mirungi. Huku ni kesi hiyo.

#12 Nuru ya Mashariki
Mnazunguka mbali bure. Fungueni vitabu vya kale vya Wahindu na Wabudha, Meru ni mlima ulio katikati ya dunia. Mabaharia wa Kihindi walikuja pwani hii na pepo za kaskazi karne nyingi kabla ya Mzungu. Waliona mlima wenye kilele juu ya mawingu, wakauita kwa jina wanalolijua. Ni wazi kabisa.

#13 Msumbufu
Na ile Moshi iliyo karibu na Pune, India, nayo Wachaga walikwenda kufungua maduka? Maana hapo ningeamini.

#14 Mwalimu wa Jiografia
#12, baharia wa Kihindi aliishia pwani. Kutoka Pangani hadi Mlima Meru si matembezi ya jioni, na kutoka Mombasa hadi Meru ya Kenya ndiyo usiseme. Nionyeshe jina jingine la Kihindi njiani, hata la kijito. Halafu Ufaransa, kaskazini ya Paris, kuna mji unaitwa Méru. Huko nako ni mabaharia? Jina la silabi mbili halina ugumu, vinywa vya watu wasiojuana vinaweza kulitengeneza mara tatu nne duniani.

#15 Nuru ya Mashariki
Elimu ya mkoloni imewafunga macho. Endeleeni.

#16 Dada wa Blantyre
Mimi ninaishi Malawi kwa sababu ya ndoa. Huku kuna Mwanza, wilaya iliyo mpakani na Msumbiji, njia ya kwenda Tete. Ni sehemu ya vilima na chenza, wakati wa msimu barabara nzima wanawake wamepanga mabeseni ya chenza, ukisimamisha gari tu umezungukwa, mkono mmoja unakuonjesha na mwingine unakufungia mfuko kabla hujasema bei. Mama yangu yuko Sengerema. Nikimwambia ninakwenda Mwanza na jioni ninarudi, ananiuliza nauli ya ndege nimeitoa wapi, na mbona sijapita kumsalimia.

Na mkitaka ya kuumiza kichwa zaidi, kuna Malindi huku. Ipo Mangochi, ukingo wa mashariki wa Ziwa Malawi, ina misheni ya Kianglikana ya zamani. Wavuvi, samaki wanaoitwa chambo, maembe. Nani aliileta?

#17 Mpwani Halisi
Hilo halina mjadala. Mangochi ni nchi ya Wayao, na Wayao walikuwa wakishuka pwani na misafara ya pembe na, tuseme kweli, watumwa, wakirudi na nguo, Uislamu na Kiswahili. Mtu aliyeona Malindi ya Kenya na minara yake akirudi ziwani akijenga mji wake anauita Malindi. Ni sawa na mtu kujenga nyumba kijijini akaandika ukutani "Dubai".

#18 Bi Shani wa Vuga
Bwana we, taratibu. Malindi ipo Unguja pia, hapa hapa mjini, ukishuka bandarini umefika. Na hiyo misheni anayoitaja dada ni ile ile ya Waingereza waliokuwa na makao yao Unguja, waliojenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, kisha wakenda Nyasa miaka ya 1880 wakaweka kituo kisiwa cha Likoma. Watu wao wengi walisomeshwa Unguja. Kwa nini wasibebe jina la Unguja? Malindi ya Kenya imeingiaje hapo?

#19 Mpwani Halisi
Bi mkubwa nakuheshimu, ila misheni ilikuja kwa Wayao ikakuta miji ina majina. Mmisionari wa Kizungu angetaka kubatiza mahali angepaita Mtakatifu fulani, asingepaita Malindi.

#20 Bi Shani wa Vuga
Aliyechimba msingi hakuwa Mzungu, mwanangu. Fikiri hapo.

#21 Dereva wa Tunduma
Wakuu wa pwani, nisaidieni basi na hili. Zambia, mkoa wa Kusini, ukitoka Monze kwenda Choma, kuna Pemba. Nimelala pale na lori. Hakuna bahari, hakuna karafuu, hakuna mtu wa kanzu, ni Watonga na mahindi yao na ng'ombe. Na ipo Pemba ya Msumbiji, ile ambayo Mreno aliiita Porto Amélia, ikarudi kuwa Pemba baada ya uhuru wa 1975. Ya Msumbiji nakubali ni mtu wa jahazi kaipeleka. Ya Zambia nani kaipeleka, tena nchi kavu kiasi kile?

#22 Mpwani Halisi
Msafara ulifika.

#23 Dereva wa Tunduma
Ulifika ukafanya nini, ukapanda mahindi? Jibu lako kwa kila kitu ni msafara.

#24 Mkazi wa Imbo
Amahoro bandugu. Mimi ni Mrundi. Tuna Mpanda, mto na wilaya, uwanda wa Imbo, kaskazini ya Bujumbura, mpunga mtupu. Nilisoma Tanzania, kila nikisema nyumbani ni Mpanda wanadhani ni Mpanda ya kwao Katavi, wananiuliza kama nimekuja na treni ya Kaliua. Niliacha kueleza, nikawa Mtu wa Katavi, hata kadi ya mchango wa harusi niliandikiwa hivyo.

Na Rwanda kuna Kigoma, tena zaidi ya moja: moja ipo Huye, nyingine Nyanza. Vijiji vya mlimani kabisa, ziwa hulioni. Mpaka wa Rwanda na Uganda pale Kisoro panaitwa Cyanika, na kwa matamshi ni Chanika, kama ile ya Dar es Salaam na ile ya Handeni. Hapa hakuna Mmaasai, hakuna Myao, hakuna misheni. Mimi naona ni lugha zetu tu, mashina ni yale yale toka zamani, kila kabila likifika kwenye kilima linatoa jina kutoka ghala moja.

#25 Mwalimu wa Jiografia
Hii #24 ndiyo ya kuitafakari. Ongeza Kabale ya Uganda, Kabare ya Kivu ya Kusini karibu na Bukavu, na Kabare ya Kirinyaga, Kenya. Ukizingatia jinsi R na L zinavyobadilishana katika lugha zetu, ni jina moja masikioni. Lakini wa Kirinyaga hawana simulizi yoyote ya kutoka Kigezi, yaani huko Kabale.

#26 Furaha wa Fizi
Salamu kwenu bote. Miye ni Mukongomani, nilikaa kambi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa, Uganda, kabla ya kuja huku Marekani. Wakati wa mahojiano yule mutu wa karatasi akaniuliza: Kyaka ya Tanzania ama ya Uganda? Sikujua kama kuna ingine. Akafungua ramani, akanionyesha: iko kwenye mto Kagera. Nikaogopa wataniandikia nchi mbaya. Tafazali nani anajua, hizo Kyaka mbili ziko na undugu?

#27 Nshomile Mtoro
Kyaka ya kwetu Missenyi wazee wote wanaijua kwa daraja. Majeshi ya Amin yalilivunja 1978 walipovamia Kagera. Undugu wa majina upo bila shaka, Wahaya, Wanyankole, Watoro na Wanyoro lugha zao zinapishana kidogo tu, mtu wa Bukoba anasikia Kinyankole kama jirani mwenye mafua. Mpaka ndio mgeni hapo. Kalamu ya Mzungu ilikata katikati ya watu wenye majina yale yale ya vilima, vijiji na watoto. Mutukula iko pande zote mbili mpaka leo.

#28 Mtimau
Sawa na Namanga, Moyale na Malaba. Lakini hizo za mpakani ni mji mmoja uliopigwa mstari, tusizichanganye na Mwanza ya dada, iliyo mbali na ile nyingine.

#29 Mwana Mbale
Mbale. Ipo ya Uganda chini ya Mlima Elgon, ipo ya Vihiga ambayo ndiyo makao ya kaunti, na ipo ya Taita karibu na Wundanyi. Ya Uganda na ya Vihiga sawa, Wagisu na Waluhya ni damu moja. Ya Taita?

#30 Msumbufu
Msafara ulifika.

#31 Mpwani Halisi
😂 Kijana wewe.

#32 Konda Mstaafu
Mnahangaika na makabila na misheni, mnasahau majina mengi ya vijijini yametolewa na sisi watu wa barabarani. Mahali hapana jina, abiria anataka kushuka, anasema "nishushe mbuyuni". Kesho yake konda anaita "Mbuyuni!", mama mmoja anaweka meza ya chai, umepata kijiji. Ndivyo Kibaoni zote zilivyozaliwa. Kibaoni ya Waziri Mkuu mstaafu Pinda kule Katavi, Kibaoni ya Ifakara, Kibaoni ya Kilifi, Kenya. Mtu aliweka kibao cha njia, kibao kikaliwa na mchwa, jina likabaki.

Nina kisa. Enzi hizo nipo kwenye basi moja la njia ya Mbeya, mtu wa Mombasa kaandika kwenye gunia "Mbuyuni, kwa mama Zuhura". Ndani mna viatu vya mtumba. Karani wetu akaona Mbuyuni, akatupa kwenye basi letu, gunia likashuka Ruaha Mbuyuni. Pale wanaopokea mizigo ni vijana wa vitunguu, wale wanaokimbia na nyavu mabegani basi likipunguza mwendo, mkono wanausukuma mpaka dirishani kwako. Mama Zuhura wa vitunguu alikuwepo. Akapokea, akashukuru, akagawa. Kumbe mzigo ni wa Mbuyuni ya Kenya, ile ya barabara ya Voi kwenda Taveta ambako Waingereza walipiga kambi Vita ya Kwanza. Mwenye mali alipokuja kudai, nusu ya Ruaha Mbuyuni ilikuwa imevaa viatu vipya. Kampuni ikamkata karani, karani akanikata mimi.

#33 Bint Siha
Na mama Zuhura alirudisha?

#34 Konda Mstaafu
Arudishe nini? Gunia liliandikwa jina lake.

#35 Fundi Redio
Konda kasema kweli nusu. Nusu nyingine ni redio. Soweto ya Mbeya, Soweto ya Moshi, Soweto ya Kibera, zote zimetoka kwenye taarifa ya habari enzi za ubaguzi Afrika Kusini. Mathare wana Kosovo. Hapo watu walisikia jina wakalipenda, au waliona shida zao zinafanana. Na Tanzania usisahau miaka ya 1970, vijiji vya ujamaa, watu wamehamishiwa porini ghafla na jina linatakiwa kwenye karatasi. Ndipo tukapata Azimio, Umoja, Songambele na Mjimwema kila mkoa.

#36 Kibra Damu
Sisi Kibera tuna Lindi. Wazee wetu Wanubi walikuwa askari wa KAR (jeshi la Mwingereza la askari Waafrika), na KAR ilipigana na Mjerumani huko Lindi mwaka 1917, vita ya Mahiwa na zingine. Walirudi na jina. Hiyo nimeisikia kwa babu.

#37 Mwalimu wa Jiografia
Inawezekana, ila askari wa Kinubi walikuwa wamepewa Kibra kabla ya vita hiyo. Na Kongo kuna mto Lindi, unaingia mto Kongo karibu na Kisangani. Wanubi asili yao ni Sudan, waliingia Uganda kupitia pande za Ziwa Albert. Huenda njia ni hiyo.

#38 Kibra Damu
Babu alikuwa askari, wewe ni mwalimu. Nakaa na babu.

#39 Furaha wa Fizi
Aksanti kwa Kyaka, ndugu #27. Na Kasenga je? Kwetu Uvira ni kartie (mtaa), na Katanga kuna teritware (wilaya) muzima inaitwa Kasenga, kando ya Luapula. Tulikuwa tunachanganya barua za familia.

#40 Dereva wa Tunduma
Kasenga ya Luapula nimeiona nikiwa upande wa Zambia, mitumbwi inavuka na samaki. Ya Uvira sijafika. Hivi barabara ya Uvira kwenda Bukavu siku hizi inapitika na lori la tani 30, au bado ni za kuvutana na trekta?